Jinsi nilivyoendesha utafiti wakati mume wangu ana hisa katika kampuni ya kifaa tulichokipima

Nilipomweleza mhadhiri mmoja wa siku nyingi kwamba mume wangu ana hisa katika kampuni ndogo ya hapa Nairobi inayotengeneza kifaa cha kupima wingi wa damu, na kwamba kifaa hicho ndicho tulichotaka kukifanyia utafiti kwa wajawazito, alinijibu bila kusita, "Daktari, zihamishie kwa jina la shemeji yako, mambo yaishe." Mwingine akaniambia nisijisumbue kwa kuwa thamani yake haifiki dola 5,000. Ushauri wote huo ulikuwa mbaya, na unaniudhi hadi leo kwa sababu bado watafiti vijana wanapewa huo huo.

Fedha zetu zilitoka kwa serikali ya Marekani kupitia chuo kikuu mshirika, na kanuni za huko za utafiti wa afya zinamfuata mtafiti hata akiwa Kenya. Kiwango cha dola 5,000 cha kutangaza maslahi ya kifedha, ambacho kabla ya kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2012 kilikuwa 10,000, kinahusu malipo, na hisa za kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa. Katika kampuni binafsi, hisa yoyote hutangazwa, hata iwe moja, na za mume, mke au mtoto anayekutegemea huhesabiwa kama zako. Tena hila ya shemeji haifichi kitu. Mwenye mia kadhaa za shilingi anaweza kuagiza CR12, yaani hati ya msajili wa kampuni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kusoma majina ya wenye hisa, na jina la ndugu wa mume wangu lingezua maswali makali kuliko la mume mwenyewe. Isitoshe, mimi huwafundisha wanafunzi wangu habari ya Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 aliyefariki mwaka 1999 katika jaribio la tiba ya jeni kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako chuo na mtafiti kiongozi walikuwa na maslahi ya kifedha katika kampuni iliyohusika. Nisingeweza kufundisha kisa hicho huku nikificha changu.

Kwanza tulijaribu kuziuza. Mume wangu alikubali, lakini hisa za kampuni binafsi hazina soko la kupeleka asubuhi na kurudi na fedha jioni. Katiba ya kampuni iliwapa wenye hisa wenzake nafasi ya kwanza ya kununua, nao walipong'amua kwamba tuna haraka wakataja bei ya kutudhalilisha, kisha wakaahirisha kikao baada ya kikao huku wakili akidai makumi ya maelfu ya shilingi. Tukaachana na habari hiyo, nikatangaza kila kitu katika ofisi ya utafiti, CR12 ikiwa juu ya fomu.

Kamati ya ofisi hiyo inayopitia maslahi ya watafiti ilipendekeza nijitoe kabisa. Nilipinga, kwa sababu mradi nilikuwa nimeuandika mimi, na niliwaomba tutafute mahali ambapo mkono wangu ungeweza kupotosha matokeo, kisha tuuondoe hapo. Sehemu hii ninajivunia. Wauguzi walisoma kifaa na kuandika namba kwenye daftari kabla damu haijaenda maabara, na maabara ilipokea chupa zenye namba za siri tu. Orodha ya kuoanisha namba hizo ilifungiwa katika ofisi ya utafiti. Mtakwimu kutoka chuo kingine, asiyejua kampuni ni ya nani, aliandika programu ya uchambuzi na kuikabidhi kabla orodha haijafunguliwa, hivyo hata kama ningetamani kubadilisha hesabu baada ya kuona matokeo, nisingekuwa na pa kushika. Mwenzangu ndiye aliyewaandikisha akina mama, na mimi nikabaki na mafunzo na usimamizi wa ubora.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na sentensi hii: "Mume wa mmoja wa watafiti ana hisa katika kampuni inayotengeneza kifaa hiki." Wengi walitabiri kwamba akina mama wangekimbia. Katika kliniki moja ya Kangemi, mama mmoja alimuuliza muuguzi, "Dada, kwa hiyo nikipimwa, huyo daktari anapata pesa?" Muuguzi akamjibu kwamba kifaa kikiuzwa sana baadaye familia yake inaweza kufaidika, na ndiyo sababu haruhusiwi kugusa hesabu. Mama akatia sahihi. Mwulizeni mama mwenyewe kabla ya kumwamulia kwamba hataelewa.

Kifaa kilisoma juu kidogo kuliko maabara, tukaandika hivyo hivyo, na tangazo la maslahi likachapishwa pamoja na makala. Baadaye mume wangu aliongezewa hisa, nami nikajaza fomu upya ndani ya siku 30 zinazotakiwa. Mpango ule ule ukaendelea, safari hii kamati ikiongeza mkaguzi wa nje wa kupitia daftari za wauguzi.