Mafuta ya Mgando: Kazi Zake Nyumbani na Mahali Yasipofaa

Kwa miaka mingi nilijipaka mafuta ya mgando kwa namna isiyo sahihi. Nilikuwa nikioga, nikijifuta mpaka nikakauka kabisa, nikishughulika na mambo mengine, kisha nusu saa baadaye, ngozi ikishaanza kukaza, ndipo nachukua kopo. Mafuta yaling'aa juu ya ngozi, lakini ukavu ulibaki palepale, nami nikayalaumu mafuta. Sikujua kwamba hayana maji ndani yake na wala hayaiongezei ngozi unyevu. Kazi yake ni kuuzuia ule uliopo usipotelee hewani. Siku hizi ninayapaka ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na majimaji, na kiasi cha punje ya harage kinatosha mikono yote miwili.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu karibu kila kazi ya mafuta haya nyumbani inatokana na tabia yake ya kuwa kizuizi: maji hayapenyi, na vitu viwili vinavyosuguana huteleza yakiwa katikati yake. Ukilielewa hilo, huhitaji kukariri orodha ndefu.

Chukua mfano wa magaga. Miguu iloweshwe kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kama kumi, isuguliwe taratibu kwa jiwe la miguu, ifutwe kidogo tu, halafu ipakwe mafuta kwa wingi na kuvikwa soksi za pamba hadi asubuhi. Kwa nyufa zisizo za kina, nimeona mabadiliko baada ya siku chache. Nyufa zinazotoa damu au usaha, hasa kwa mtu mwenye kisukari, ni za kuonwa na mhudumu wa afya. Kwa mtoto anayevaa nepi mambo hugeuka: hapo tunataka kuuzuia unyevu usiingie, si usitoke, na kwa hiyo ngozi isafishwe na ikauke vizuri kwanza, ndipo ipakwe utando mwembamba utakaotenganisha mkojo na ngozi. Kopo ni lilelile, lakini utaratibu wa kulitumia ni wa kinyume, na watu wengi huchanganya hapo.

Mkwaruzo mdogo ulioshwa kwa maji na sabuni nao hupona vizuri zaidi ukipakwa mafuta haya na kufunikwa kwa bandeji safi, kwani kidonda kisichokauka hakifanyi kigaga kigumu juu yake. Jeraha la moto ni jambo jingine. Lipozwe kwanza kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala lisipakwe mafuta yoyote likiwa bichi, kwa sababu mafuta huzuia joto lisitoke.

Wapo wanaoona ajabu ninapolitoa kopo chumbani na kulipeleka kwenye sanduku la vifaa, ilhali asili ya mafuta haya ni huko huko kwenye mitambo. Mwaka 1859 mkemia Robert Chesebrough alifika Titusville, jimboni Pennsylvania nchini Marekani, akawakuta wachimbaji wa mafuta wakisumbuliwa na nta nyeusi iliyoganda kwenye vyuma vya kuchimbia, ingawa wao wenyewe walikuwa wakiipaka kwenye majeraha yao. Aliisafisha nta hiyo mpaka akapata mafuta meupe, na mwaka 1872 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa jina la Vaseline. Katika hataza hiyo alitaja kulainisha ngozi za kutengenezea bidhaa, kulainisha mashine na kutibu mikono iliyopasuka, yote kwa pamoja.

Kwa bawaba ya mlango inayolia, usipake kwa nje tu. Chomoa pini yake, ifute kutu na uchafu, ipake mafuta, irudishe, kisha fungua na kufunga mlango mara kadhaa. Zipu iliyokwama hupakwa kidogo kwenye meno yake, kwa uangalifu yasiguse kitambaa, maana huacha doa. Koleo, mkasi wa bustani na spana zinazokaa muda mrefu bila kutumika hazipati kutu kwa urahisi zikikaushwa na kupakwa utando mwembamba. Vichwa vya betri ya gari navyo hupakwa, lakini baada ya kusafishwa na waya kukazwa, ili mafuta yabaki nje ya mahali chuma kinapogusana na chuma. Pia ninayapaka kwenye mdomo wa chupa ya gundi ili kifuniko kisishikane, ndani ya kishikio cha mshumaa ili nta ibanduke kirahisi, na kwenye ngozi inayopakana na nywele kabla ya kuzitia rangi.

Kufuli ndiyo iliyonipa somo. Nililijaza tundu la ufunguo mafuta ya mgando, likafunguka vizuri kwa wiki kadhaa, kisha vumbi likanasa humo na kuwa tope lililoifanya kufuli ikatae kabisa. Kwenye kufuli tumia unga wa grafaiti, ule weusi kama wa ndani ya penseli. Mpira wa asili nao huharibiwa na mafuta haya, kwa hiyo yasiguse glavu za mpira, na yasitumiwe kamwe pamoja na kondomu za mpira, kwani huzidhoofisha zikapasuka. Kuyapaka ndani ya pua kila siku kwa muda mrefu si salama pia, kwa kuwa yanaweza kuvutwa hadi kwenye mapafu na kuleta uvimbe.

Jingine linalosahauliwa ni moto. Nguo au shuka iliyofyonza mafuta haya hushika moto haraka kuliko ilivyo kawaida, na kufua hakuyaondoi yote. Anayejipaka mengi kila usiku asivute sigara kitandani wala kuukaribia moto akiwa na nguo hizo.

Nyumbani kwangu yapo makopo mawili. La ngozi lina kijiko kidogo cha kuchotea ili vidole visiingize uchafu. La bawaba na spana nimeliandikia neno VYUMA kwa kalamu ya wino usiofutika, na linakaa kwenye sanduku la vifaa.