Perere wa Kilimanjaro na silikanti wa Tanga

Magari ya watalii yanayotoka Moshi na Arusha kuelekea Serengeti hupita karibu na Bonde la Olduvai, na waongozaji husimulia vizuri habari za mifupa ya kale iliyofukuliwa pale. Naona simulizi hiyo hukatishwa mapema, kwa sababu koo za wanyama zilizo kongwe kuliko mabaki yote ya Olduvai bado zinaishi katika nchi hii hii, na mojawapo hupiga kelele usiku katika misitu ya Kilimanjaro kiasi cha kumtisha mgeni.

Huyo ni perere, ndugu wa pimbi wa mawe. Ukimtazama utadhani ni jamii ya panya au sungura, ilhali jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni tembo na nguva. Mabaki ya wahenga wake yaliyopatikana Fayum, nchini Misri, yana umri wa miaka zaidi ya milioni 30, na enzi hizo pimbi walikuwa miongoni mwa wala majani wakuu wa Afrika, wengine wakubwa kuliko ng'ombe. Baadaye jamii za swala na nyati zilienea, na pimbi waliosalia ni hawa wadogo wa mawe na miti. Bado mimba yao huchukua zaidi ya miezi saba, muda mrefu mno kwa mnyama wa kilo chache tu.

Hata hivyo, kwa umri wa ukoo perere ni mtoto mbele ya silikanti. Samaki huyu alijulikana kwa mabaki yake ya mawe pekee, na wataalamu waliamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, hadi Desemba 1938, meli ya uvuvi ilipomleta mmoja katika bandari ya East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba dogo la makumbusho la mji huo, ndiye aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida, na mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi la Latimeria kwa heshima yake. Smith alitangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata mwingine na kungoja hadi 1952, ndipo wa pili akapatikana Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimfahamu siku zote. Hawakumthamini, kwani nyama yake ina mafuta mengi na huvuruga tumbo.

Kwetu Tanzania alinaswa mwaka 2003 katika maji ya Songo Mnara, Kilwa, na kuanzia mwaka uliofuata wavuvi wa Tanga wakawa wanamtoa mara kwa mara kwa majarife ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Kutoka Moshi, Tanga ni safari ya basi ya siku moja kupitia Same na Korogwe, lakini sijasikia mwongozaji wa huku akiitaja.

Jambo moja linalosemwa ovyo ni kwamba silikanti hajabadilika tangu enzi za dinosaria. Umbo la jumla limedumu, pamoja na yale mapezi yenye mifupa na nyama ambayo huyachezesha kwa kupishana, lakini Latimeria mwenyewe hajapatikana katika mawe ya kale, na jeni zake, zilizochapishwa mwaka 2013, zinaonyesha mabadiliko ya polepole, si kusimama kabisa. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne ni kamongo, yule yule mwenye mapafu anayeuzwa katika masoko ya Ziwa Victoria na ambaye hakuna anayemshangaa.

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa Tanga mwaka 2009, na sababu ya kuihitaji iko katika uzazi wa samaki huyu. Silikanti huzaa watoto walio hai baada ya mimba inayokadiriwa kufikia miaka 5, naye huweza kuishi karibu miaka 100. Jarife likimnasa jike mwenye mimba, hupotea miaka yote hiyo pamoja na watoto walio tumboni, na mvuvi hapati hata kitoweo.