Ua jekundu

Juzi kazini nilinyoosha mkono nichukue lile ua jekundu wanalopachika kifuani huku Kanada kila Novemba kuwakumbuka askari wao. Mwenzangu wa zamu akaniambia, "Hilo haliwahusu nyinyi." Nyinyi! Miaka sita nawaogesha wazee wao hapa Winnipeg, nakatwa kodi kabla mshahara haujanifikia, na bili ya kupasha nyumba joto Januari peke yake, kwetu Mbagala ni pango la miezi. Nikarudisha mkono. Roho iliniuma kutwa.

 

Mchana namlisha supu bibi mmoja, akaona nimenuna. Nikamweleza. Akausukuma mkono wangu wenye kijiko. "Mynarski unamjua?" Nikasema naijua shule yenye jina hilo, kaskazini mwa mji. Bibi mwenyewe wazazi wake walitoka Poland, na Vita vya Pili vya Dunia vinakwisha yeye alikuwa msichana wa shule.

Andrew Mynarski alizaliwa hapa hapa mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji wa Kipolandi. Baba alipofariki, kijana akaenda kukata ngozi ili mama na wadogo zake wale. Nani kwetu asiyeijua hali hiyo? Mwaka 1941 akaingia jeshi la anga, akapelekwa Uingereza, kikosi cha 419, akawa mshika bunduki wa juu kwenye ndege ya mabomu aina ya Lancaster.

Usiku wa kuamkia 13 Juni 1944 walitumwa Ufaransa, kupiga njia za reli za Cambrai. Ndege ya Wajerumani ikawatwanga kwa nyuma. Rubani akaamuru waruke. Mynarski alikuwa keshafika mlangoni alipomwona rafiki yake Pat Brophy, mshika bunduki wa mkiani, kanasa kwenye kibanda chake. Katikati yao moto. Akatambaa ndani ya ule moto, akachokonoa kwa shoka, akavuta kwa mikono, nguo na parachuti vinawaka. Brophy akampungia aende zake. Akarudi kinyumenyume, hakumpa mgongo, akifika mlangoni akasimama wima, akapiga saluti, akaruka. Brophy alisema aliuona mdomo wake ukitamka yale waliyozoea kuagana nayo kila usiku: "Usiku mwema, afande."

Wafaransa walimwokota yu hai, akafa kwa majeraha ya moto. Miaka 27. Kazikwa huko huko Ufaransa, Méharicourt. Na Brophy? Ndege ilianguka naye ndani, akarushwa nje, akatoka mzima! Ndiye aliyesimulia, na mwaka 1946 Mynarski akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza.

Mtoto wa wahamiaji, jamani. Na leo mtu ananiambia haituhusu. Nikamwambia bibi kwamba babu yangu mzaa baba alikuwa keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma vita ile ile, akarudi na koti la jeshi na mguu mbovu, na sijawahi kuona shule yenye jina lake.

Bibi akalichomoa ua lake, akanipachika kwenye sare, vidole vinatetemeka, dakika nzima pini inamkataa. Kisha akaniuliza babu aliitwa nani. Nikamtajia. Akalirudia mara tatu, mpaka likamkaa mdomoni.