Pigo la Kumi na Tatu

Juzi alfajiri, baada ya mvua ya usiku kuosha vumbi, Mlima Kenya ulionekana vizuri kabisa kutoka roshani yetu hapa Kasarani. Binti yangu akauliza, "Baba, hiyo theluji inaweza kuua mtu?" Nikamwambia ndiyo. Akarudi kunywa uji wake, swali akaniachia mimi.

Niliwahi kuishi miaka kadhaa Vancouver, Kanada. Februari moja wenzangu wa chuo walinichukua hadi milima ya pwani, mbele ya mji wa Squamish, huko kusikokuwa na walinzi wala njia zilizosawazishwa. Kila mmoja alifungwa kifuani kifaa cha redio kinachotuma mawimbi ya kilohezi 457, ili akifukiwa na theluji iliyoporomoka wenzake wamtafute. Tena mbio, maana theluji ya pwani ni nzito, ina maji mengi, na zikishapita kama dakika 10 chini yake matumaini hupungua vibaya.

Dhoruba ya Pasifiki ilikuwa imepita. Ilianza na baridi kali ikaishia na joto, kwa hiyo theluji nzito ililala juu ya nyepesi. Upepo nao ulikuwa umerundika nyingine nyuma ya kilele, upande uleule tuliotaka kupita.

Kiongozi wetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akachimba shimo ili apime kama theluji ile ingeporomoka. Akakata nguzo ya theluji, sentimita 30 kwa 30, akalaza koleo juu yake, akaanza kuligonga. Mapigo 10 ya ncha za vidole kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Kimya. Kisha 10 mengine kuanzia kwenye kiwiko; yakibaki 10 ya bega. Nilikuwa nahesabu kwa Kiswahili, midomo imekufa ganzi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kwenye la kumi na tatu, kipande chote cha juu kikachomoka kikamjia mapajani, kama sahani inavyoteleza kwenye rundo la vyombo vyenye sabuni. Nikainama kutazama pale kilipokatikia. Palikuwa laini, pamenyooka, utadhani pamepigwa rula: tabaka la juu halikuwa limeshikana na la chini. Akapima mteremko: nyuzi 37. Maporomoko mengi ya theluji hutokea kati ya nyuzi 30 na 45.

"Tunarudi," akasema.

Hatujafika mbali, tukasikia vicheko. Vijana watatu walikuwa wakishuka na ski zao, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, kwenye mteremko uleule. Hakuna kilichosogea. Wakatupungia mkono.

Garini ugomvi ukazuka. Mmoja alilalamika kwamba siku nzuri imepotea bure. Kiongozi akajibu kwamba mteremko unaweza kubeba watatu, halafu wa nne akakanyaga pale theluji ilipo nyembamba. Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini wale vijana niliwaonea wivu njia nzima hadi Squamish, na sidhani kama umeniisha.