Siku niliyosifiwa kwa kukosea

Kuna bibi mmoja wa Kizingitini kila akiniona gatini hapa Lamu lazima anishike mkono awaambie watu "huyu ndiye nahodha mwenyewe, huyu", na mimi kila akisema hivyo natamani ardhi inimeze, manake bi mkubwa hajui na sijawahi kumwambia.

Ilikuwa Julai ya mwaka juzi, kusi imeshika kweli kweli. Nilikuwa nimechukua watu 14 wa harusi, bibi huyo akiwemo, na mabegi na sufuria na keki moja kubwa ambayo mama mmoja aliipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Tulitakiwa tupite Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakiwa yamejaa, lakini unajua watu wa harusi, huyu kasahau buibui huyu anangoja hina ikauke, tukatoka maji yashakupwa na Mkanda hakupitiki tena. Ikabaki kuzunguka nje, upande wa bahari kuu, hadi kisiwa kidogo cha Manda Toto ndio uingie ndani kwenye utulivu.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Kabla sijang'oa nanga nilijiambia, tena kwa mdomo na vijana wangu wawili wakasikia, kwamba mashini ikikohoa hata mara moja kabla ya kupita kijiji cha Shela tunarudi. Boti ina mashini mbili, moja ilikuwa na kamchezo tangu asubuhi. Basi tuko mkabala na Shela hivi, naona misikiti kabisa, ikakohoa. Nikasikia. Nikamwangalia kijana wangu mdogo, yeye akaangalia chini. Nyuma wanawake wanaimba, wanapiga vigelegele, mzee mmoja ananiambia nahodha kaza mwendo maharusi wanangoja. Nikasema moyoni itajisafisha yenyewe.

Haikujisafisha. Karibu na Manda Toto ikafa, wimbi linatoka nyuma linainua boti linaitupa upande, mwamba uko kushoto unaona povu lake, na mashini moja haiwezi kushikilia watu wote wale na ile mizigo. Nyimbo zikageuka dua. Tulibadilisha filta huku petroli inamwagika mikononi, ikawaka mara ya tatu au ya nne sikumbuki, tukaingia ndani, tukafika. Keki haikupata hata mkwaruzo. Usiku ule nilikula biriani nikaitwa simba wa bahari.

Niliporudi nikamhadithia ami yangu. Ami alikuwa komando, wale wa miamvuli, miaka mingi kambini Gilgil, na ni mtu ambaye hapigi hadithi za vita hata umpe nini. Ukimuuliza atakuambia alikuwa anapika chai. Nilidhani atanipongeza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, "Shela ulisema utafanya nini?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi hukuamua kitu mwanangu. Ulibahatika."

Nilikasirika, sitadanganya. Nikamwambia ami watu wote wamefika salama unataka nini tena. Ndipo akanipa kile kisa cha Wamarekani na helikopta, ambacho baadaye nimekisoma mwenyewe mara kadhaa.

Aprili 1980, watu wao 53 wameshikiliwa Iran tangu Novemba ya mwaka uliotangulia. Wakapanga kwenda kuwatoa usiku. Helikopta 8 zikaruka kutoka meli yao ya Nimitz kwenda kukutana na ndege kubwa katikati ya jangwa. Na huko nyuma, kabla mtu hajafunga hata kamba ya kiatu, walishakubaliana kwamba wakiwa na helikopta chini ya 6 hakuna kuendelea. Moja ikaachwa njiani kwa hitilafu ya bapa la pangaboi, nyingine ikarudi ilikotoka kwa sababu ya vumbi, ya tatu ilifika lakini mfumo wake wa haidroliki ukawa umeharibika. Zikabaki 5. Yaani pungufu ya moja tu! Charlie Beckwith, aliyekuwa anaongoza wale makomando wa Delta, akasema haiendi. Rais Carter akakubali.

Wakati wanajipanga kuondoka helikopta moja ikagonga ndege iliyobeba mafuta, watu 8 wakafa palepale jangwani. Mateka walikaa jumla ya siku 444, na Carter akashindwa uchaguzi mwaka uleule.

Ami akanywa kahawa yake, akasema hivi, haya maneno sijayasahau: "Beckwith aliamua sawa na watu 8 wakafa. Wewe uliamua vibaya na watu 14 wakala biriani. Sasa niambie nani mjinga."

Nilikaa na hilo swali wiki nzima. Manake sisi huku pwani tunampima nahodha kwa kufika. Amefika, basi hodari. Hajafika, mjinga, au kafanyiwa kitu. Hakuna anayeuliza aliamua nini, akiwa wapi, na alikuwa anajua nini saa ile. Halafu yule aliyefika kwa bahati keshokutwa anarudia tena, na safari hii ana uhakika zaidi kwa sababu ameshaitwa simba.

Ile namba 6 nguvu yake, alivyonieleza ami, ni kwamba iliwekwa na watu walioshiba na waliolala, wakiwa mezani. Jangwani usiku, vumbi mdomoni, hakuna mtu angeweza kuitunga upya bila kujidanganya. Mimi namba yangu niliitunga vizuri tu gatini, nikaivunja mbele ya vigelegele. Kusema ukweli sikuogopa bahari siku ile, niliogopa kuwaonea haya wale kina mama.

Kitu kingine. Wenzetu baada ya yale maafa hawakusema ni kudura tu wakalala. Waliunda tume, admirali Holloway akaiongoza, ikaonekana hata kufanya mazoezi yote pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho hawakuwahi, kila kikosi kilifanya kivyake. Huko ndiko kulikozaa kikosi chao maalumu cha helikopta za usiku. Mwaka 2011 walipomwendea Osama kule Abbottabad, Pakistan, helikopta moja ilianguka ndani ya ua na kazi ikaendelea, manake za akiba zilikuwa zinangoja karibu. Ami hapendi kuwasifu sana lakini hapo huwa anatikisa kichwa kukubali.

Basi na mimi nikaita tume yangu, mimi na vijana wawili, barazani kwetu, kashata mkononi. Ami akasema masharti ni mawili, mdogo anaanza kusema na mkubwa anamaliza, na hakuna kujitetea. Yule kijana mdogo akachezea ndala yake weee, mwisho akasema asubuhi ile aliona maji kwenye filta. Aliyaona! Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Kaka, wiki ile nyingine nilisema kamba imechakaa ukanicheka mbele ya wageni."

Sikuwa na jibu. Hata kumbukumbu ya kumcheka sikuwa nayo.

Watu wakisikia makomando wanafikiria misuli na matope. Nilimuuliza ami juu ya wale wa Navy SEAL, makomando wa jeshi la majini la Marekani wanaofunzwa Coronado, wana wiki moja wanaiita ya jehanamu, siku tano na nusu usingizi wote kama saa nne tu, wamebeba boti ya mpira vichwani, na anayechoka anaenda kugonga kengele mara tatu anaondoka. Ami akasema usiangalie boti, angalia mtu akishachoka kama bado anamwona mwenzake. Mmoja akishusha kichwa kidogo tu uzito unahamia shingoni kwa wengine. Nikamfikiria yule kijana na filta yake.

Alhamisi iliyopita nilikuwa na wageni wa kwenda Faza. Kijana akasema sauti ya mashini ya kushoto haimpendezi. Mimi sikusikia kitu, naapa. Nikaahirisha, nikarudisha nauli. Wakanitukana vizuri, wakapanda boti ya jirani, bahari siku ile imelala kama mafuta kwenye sahani, wakafika na kurudi jioni wakinipungia mkono kwa kejeli. Mashini tuliifungua hatukuona tatizo lolote.

Nikaenda barazani kwa ami nikiwa nimenuna. Alikuwa ameshapata habari, Lamu hii nani hapati. Hakusema kitu. Akasogea kidogo nipate pa kukaa, akamwita muuza kahawa, akasema mbili.