Nilivyopunguza Sukari, Nusu Kijiko kwa Nusu Kijiko

Kwa miaka mingi nilijihesabu miongoni mwa watu wasiopenda vitamu. Keki sikuzijali, peremende niliwaachia watoto, na aiskrimu nilikula pale tu nilipokaribishwa. Kitu ambacho sikuwahi kukihesabu ni chai, kwa sababu kwetu Tanga chai haiwekwi katika kundi la vitamu. Ni chai tu, nayo huja ikiwa imeshakorogewa sukari ndani ya chupa, hata mgeni hapati nafasi ya kuulizwa anataka vijiko vingapi.

Kilichonizindua ni bei, wala si daktari. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika madukani, na kilo moja tuliyozoea kuinunua kwa takribani shilingi 3,000 ikapita 4,000. Jioni moja nilijikuta nazunguka maduka matatu ya mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, nikitafuta nusu kilo kwa ajili ya nyumba ya watu wazima wawili waliokuwa wamemaliza kilo nzima ndani ya wiki moja, ndipo nikajiuliza sukari yote hiyo ilikuwa inakwenda wapi.

Usiku huo nilichukua mizani ndogo ya jikoni, nikapima kijiko changu cha chai, ambacho siku zote nilikijaza mpaka sukari ikafanya kichuguu. Kilikuwa na gramu 7. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku: gramu 84, kabla sijagusa andazi wala soda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri kwamba sukari ya kuongeza, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, na kwamba kushuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Mimi, nisiyependa vitamu, nilikuwa nimevuka mpaka huo kwa chai peke yake.

Nilianza kwa kosa la kuacha yote kwa mkupuo. Siku tatu nilikunywa chai chungu huku nikiwa mkali kwa kila aliyenisemesha, na siku ya nne, saa kumi jioni, nilinunua Kariakoo mfuko wa kashata za nazi, nikaumaliza kabla daladala haijafika Magomeni. Sikujilaumu sana. Nilitambua tu kwamba ulimi uliozoeshwa utamu kwa miaka thelathini hauamrishwi kwa siku moja.

Mara ya pili nilipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, nikavisawazisha vijiko kwa mgongo wa kisu ili nisijidanganye kwa vichuguu. Kutoka vijiko vitatu hadi nusu kijiko ilinichukua miezi miwili na nusu, na kwa kweli kila hatua iliniudhi siku mbili tatu tu, kisha nikaisahau. Mchaichai na iliki vilinisaidia kuliko nilivyotegemea, kwani harufu yake huifanya chai ionekane tamu hata pale ilipopungukiwa. Niliwahi kujaribu kuweka asali badala ya sukari, nikijiona mjanja, mpaka nilipousoma tena ule mwongozo na kukuta asali imo humo humo.

Chai ilipotulia, ndipo nilipoiona hamu yenyewe, ambayo ina saa zake. Kwangu huja saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na ile ya asubuhi niligundua kwamba nilikuwa naipika mwenyewe. Chai tamu na maandazi mawili ya unga mweupe humeng'enywa haraka, sukari ya damu hupanda upesi, mwili hutoa insulini ya kuishusha, na baada ya muda mfupi tumbo linadai tena. Nilipobadili nikawa nakula mihogo ya kuchemsha na maharage, au mayai mawili, saa nne ilianza kupita bila mimi kuinua kichwa kutoka kwenye kazi. Ile ya jioni bado ninayo, hasa nikilala vibaya, na dawa yake imekuwa chungwa la Muheza, ambalo nalila pamoja na nyama yake yote. Juisi sishauri: glasi moja humeza machungwa matatu au manne na kuacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na ile ya ukwaju, inayosifiwa kuwa ya asili, hainyweki bila sukari nyingi. Soda niliiacha bila taabu. Chupa ya mililita 350 hukaribia gramu 37 za sukari, na sikuwa mpenzi wake.

Ramadhani ilinirudisha nyuma. Tende, tambi za sukari, kaimati zinazong'aa kwa shira, vyote juu ya mkeka mmoja na tumbo tupu! Nilijiwekea kula tende tatu na kaimati mbili, na nyakati fulani nilishika ahadi. Siku ya Idi sikuhesabu chochote.

Lakini kazi kubwa kuliko yote ilikuwa watu. Kwetu ugonjwa wa kisukari huitwa sukari tu, hivyo ukikataa sukari kwenye chai, swali linalofuata ni kama unayo. Kazini niliulizwa kwa sauti ya chini na wenzangu watatu kwa siku tofauti. Mama yangu ndiye aliyeumia zaidi, maana kwake kumpa mtu chai isiyo na sukari ni kumtangazia kwamba nyumba imefilisika.

"Mwanangu, mbona unakunywa chai kama mgonjwa?" aliniuliza.

"Mama, siumwi. Nimeizoea hivyo."

Nilipokwenda Tanga mwezi uliopita nilikuta ameandaa chupa mbili, na ile yangu ameifunga uzi mwekundu kwenye mpini. Nilimimina, nikanywa, nikahisi utamu kwa mbali, kama wa kijiko kimoja kilichokorogwa kwenye chupa nzima. Zamani nisingekigundua hata kidogo. Nilimtazama, alikuwa anapanga vitumbua kwenye sahani kwa uangalifu uliozidi kidogo. Nikamwambia chai ni nzuri, nikaongeza kikombe cha pili.