Kumbukumbu ya mradi: wekundu wa kiti cha pweza

Safari ya tisa ya kupiga picha chini ya maji, nikitafuta rangi halisi ya kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota. Bamburi, Mombasa, msimu wa kaskazi, maji meupe hadi kivuli cha mashua kinaonekana mchangani.

Picha za safari ya nane nimezifuta karibu zote, na kosa ni langu. Nilichoka kubeba sahani, nikaona mchanga wa chini unatosha kupimia weupe, yaani kuionyesha kamera kitu cheupe ili irekebishe rangi nyingine kwa kukifuata. Mchanga wetu ni mweupe, ndiyo, lakini uchote kidogo uuweke juu ya karatasi, utaona una umanjano. Kamera ikaamini huo ndio weupe, ikaondoa umanjano kwenye picha nzima, na kila kitu kikarudi kwenye buluu ileile ninayoikimbia. Matumbawe ya kahawia yalikuwa kama yametolewa kwenye friza.

Basi sahani imerudi: ya plastiki, nyeupe pepe, ya jikoni. Nahodha aliponiona nayo alicheka.

"Mwanangu, huko chini kuna pilau?"

"Ipo, mzee. Nikuletee?"

Maji hula wekundu kwanza. Ukipita mita 3 za maji safi hubaki kama theluthi yake, ilhali buluu inapita bila kuguswa sana. Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba hesabu haiishii kwenye kina. Mwanga unashuka kutoka juu hadi kwa kiumbe, kisha unatoka kwake hadi kwenye lenzi, na njia nzima inatozwa. Kiti cha pweza kikiwa mita 4 chini, nami niko mita 3 mbali nacho, wekundu umesafiri mita 7 na umebaki kama sehemu moja ya kumi. Nikikisogelea hadi nusu mita, unabaki kama sehemu moja ya tano. Mara mbili, kwa kupiga mbizi tu! Picha zile za mbali nilizojaribu kuziokoa kwenye kompyuta, nilivuta wekundu mpaka mwisho, nikapata chenga tupu.

Leo nilikipata kile cha kijivu chenye vinundu vyekundu, kimelala kando ya majani ya bahari. Bila kupima, vinundu vilitoka vyeusi kama kokwa za ukwaju. Nikaweka sahani palepale ubavuni mwake, uso ukitazama juu, nikajaza kioo chote cha kamera kwa weupe wake, nikapima. Picha iliyofuata, vinundu vimewaka, na hata ile mistari myembamba inayoviunganisha kama wavu ikaonekana. Nilicheka nikiwa na mpira mdomoni, nikanywa maji ya chumvi.

(Msikitoe majini. Kuna vijana wa mashua wanaviinua ili wageni wapige navyo picha, kisha wanavirusha. Inaniudhi.)

Halafu ikaja aibu. Hiyo ilikuwa saa nne, bamvua (siku ambazo maji hupanda na kushuka sana), maji yamekupwa kabisa. Saa saba nikarudi kwa kiti kilekile, kipimo kilekile cha weupe, na rangi imekwenda kijanikijani. Nikalaumu betri, nikalaumu ukungu ndani ya kasha. Nahodha ndiye aliyenizindua bila kujua, aliposema tuondoke kwa kuwa bahari inajaa. Kumbe! Bamvua hapa Mombasa maji hupanda zaidi ya mita 3, kwa hiyo nusu ya kujaa ni mita moja na nusu na zaidi juu ya kichwa cha kiumbe yuleyule. Nilikuwa napima upya kila ninapobadilisha mahali, nikasahau kwamba mahali penyewe panabadilika kina.

Tochi nayo nimeijaribu, kwa haraka tu. Nilipima kwa mwanga wa jua kisha nikaiwasha: katikati ya picha pakawa pekundu kama tofali, pembeni pako sawa. Mwanga wa tochi haukupita maji mengi, bado una wekundu wake, na kamera ikauongezea mwingine. Nitachagua kimoja, jua au tochi.

Safari ya kumi nataka maji mafu, yasiyopanda sana, na nitaandika saa ya kila kipimo. Faili zote ghafi, zile ambazo kamera haijazichakata, nimeacha JPEG. Sahani nimeitoboa tundu, nimeifunga kamba ya mkononi. Nyumbani haijaulizwa bado.